Njooni na vigingi miti ikiwa bado imesimama

Barua ya wazi kwa madiwani na maofisa wa ardhi, mipango miji na mazingira wa halmashauri zinazopakana na Ziwa Victoria



Naandika nikiwa barazani kwangu. Mbele yangu kuna kisiki cha mkuyu ambao watu wazima watatu walikuwa wakishikana mikono ndipo wauzunguke. Niliuangusha mimi, kwa hela yangu, kwa sababu niliambiwa kwamba kiwanja kisichosafishwa si kiwanja. Aliyeniambia hakuwa mtu mbaya. Karibu kila anayenunua ardhi kando ya ziwa hili huambiwa hivyohivyo, na akitii hufika siku akakutana nanyi. Na siku hiyo mnakuja na rangi nyekundu.

Sote tunaijua ile X ya amri ya kubomoa. Nyumba imefika rinta, mabati yameshalipiwa dukani, mwenye nyumba amebakiza akiba ya mwezi mmoja, ndipo gari linasimama, anashuka mtu na kopo la rangi. Nyumba imo ndani ya mita 60. Kisheria mtu huyo ana haki. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kudhuru ufuko, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Mimi siipingi sheria hiyo, na nikimaliza mtaona kwamba ningependa iwe kali zaidi. Ninachopinga ni saa mnayokuja. Mnapofika, miti ilishaondoka zamani, udongo umeshaingia ziwani, na kubomoa ukuta hakurudishi hata kimoja kati ya hivyo.

Nilifundisha shule za msingi miaka 35, na kiinua mgongo changu nilikipangia kazi moja tu, nyumba inayotazama maji. Mwaka 2018, wakati wa kiangazi, dalali alinipeleka kwenye eneo la miti nje kidogo ya mji. Tuliinama kupita chini ya matawi. Juu, karibu na barabara, kulikuwa na migunga na mkwaju mmoja mkubwa. Katikati palikuwa na vichaka vya miba. Ukishuka ulikuta mizambarau, halafu ule mkuyu, na chini kabisa matete na mafunjo yaliyoingia majini. Upana ulikuwa mita 30, na urefu kutoka barabarani hadi ziwani mita 100. "Mwisho wako ni maji," dalali alisema, na nilifurahi kama mtoto. Mwenyekiti wa mtaa alishuhudia, tukaandikishana, nikalipa.

Sijafika hata nyumbani, simu zikaanza. Muuzaji, jirani mpya, shemeji yangu aliyejenga kabla yangu, wote walikuwa na neno moja: safisha haraka. Pori ni kiwanja kisicho na mwenyewe. Kesho atapita dalali mwingine na mteja mwingine, na kesi ya ardhi itakuzeekesha kuliko ualimu. Hata hati zetu husukuma upande huohuo, kwa kuwa humpa mtu muda wa kuendeleza kiwanja, mara nyingi miezi 36, na mwananchi wa kawaida akisoma neno "kuendeleza" anaona shoka. Hapa naomba mnisome polepole, maana ndipo penye kiini cha shida. Watu hawakati miti kwa kuichukia. Wanakata ili waonekane. Uwazi wa udongo mwekundu ndiyo hati ya mtu asiye na hati.

Fikra kwamba pori ni adui ina historia ndefu kwetu. Enzi za ukoloni, Usukumani, misitu ilifyekwa maeneo makubwa ili kumfukuza mbung'o, halafu pamba ikafyeka iliyobaki. Shinyanga ilifikia kubaki kipara hadi serikali ikaanzisha mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, mwaka 1986, na kazi kubwa ya mradi ule ilikuwa kuwarudisha watu kwenye jambo walilolijua tangu mababu: ngitili, kipande cha malisho na miti kinachofungwa ili kipumzike. Mwenye ngitili alikuwa na eneo lenye miti, na kila mtu kijijini alijua ni lake. Hakuna aliyelazimika kulifanya jangwa ili aaminiwe.

Nirudi kwangu. Katapila lilikuja mwezi wa Oktoba, saa mbili asubuhi, na ilipofika saa kumi jioni kazi ilikuwa imekwisha. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwamvuli nikitazama. Mizambarau ilienda kwa kusukumwa tu, ikitoa harufu ya majani mabichi yaliyopondwa ambayo mpaka leo ikinijia nasimama. Mkuyu ulikataa. Wakaita kijana mwenye msumeno wa mashine, akaukata kwa saa nzima, na ulipoanguka lilianguka pia tita la vijiti lenye ukubwa wa mkokoteni. Lilikuwa kiota cha fundichuma. Ndege wale wawili walitembea kulizunguka mpaka giza lilipoingia, hawapigi kelele, wanatembea tu.

Dereva aliniuliza kama nataka "bichi". Nikasema ndiyo. Akaukomba udongo wa juu wote, ule mweusi, akausukuma chini juu ya matete. Visiki vya juu alivifukia ili pasawazike. Matawi yalichomwa kwa siku tatu. Majirani walikuja kunipongeza, na wa kwanza wao alisema: "Sasa kiwanja kinaonekana."

Udongo ule mweusi haukufika shibiri kwa unene. Chini yake kuna mchanga ambao Wasukuma huuita luseni, mzuri kwa mihogo, mwepesi, usioshikana. Jani la mzambarau lilikuwa likivunja tone la mvua kabla halijagusa nchi, majani makavu yakinyonya kama sponji, mizizi ikifunga mchanga kama uzi unavyofunga ukili. Yote hayo niliyaondoa siku kumi na tano kabla ya vuli.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku mmoja wa Novemba. Baadaye nilikaa na kalamu nikafanya hesabu ambayo nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja changu ni mita za mraba 3,000. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwetu, inamwaga hapo lita 150,000. Ni matangi 150 ya lita 1,000, yanafunguliwa kwa pamoja juu ya mchanga mtupu unaoteremka ziwani. Asubuhi nilikuta korongo linalonifika magotini, kuanzia barabarani hadi majini. Mtaro wa msingi niliokuwa nimeuchimba mita 35 tu kutoka ziwani ulijaa tope hadi juu. Ziwa lenyewe lilikuwa jekundu kwa umbali wa mtu kurusha jiwe.

Kijana mmoja aliyekuwa akitega samaki kwenye matete yale alinikuta nimesimama pale. Aliniamkia kwa heshima, kisha akaniambia kwamba sato walikuwa wakichimba viota vyao hapo kwenye maji mafupi, na kambale wakijificha kwenye mafunjo. Hakunilaumu. Alihamisha nyavu zake.

Ndipo nikatafuta fundi, nikaletewa mzee. "Mwangaluka," alinisalimu, akavua viatu, akaanza kutembea kiwanjani peku kwa muda mrefu bila kusema neno. Alibeba kipande cha nondo. Kila hatua chache aliichoma ardhini. Penye luseni iliingia kwa shida kidogo, ikagota. Alipofika mahali nilipopanga ukuta wa sebule, nondo ilizama hadi mkononi mwake. Aliichomoa, ikatoka na unga wa mti ulioanza kuoza na mchwa wawili weupe. Kilikuwa kimoja cha vile visiki vilivyofukiwa. Angekuja mwaka mmoja baadaye, nondo ingekuta tundu, na juu ya tundu lile kungekuwa na ukuta wangu. Kisiki kilichoko chini ya msingi kinang'olewa chote, mizizi na yote, na shimo linajazwa tabaka kwa tabaka huku likishindiliwa. Kisiki kilichoko pembeni kwenye mteremko kinakatwa usawa wa ardhi na kuachwa, kwa kuwa mizizi yake bado inafanya kazi ya kushika. Katapila langu lilifanya kinyume cha yote mawili.

Halafu akaniuliza swali ambalo sijawahi kulisikia ofisini kwenu wala kwa dalali: "Mwalimu, unapima kutoka maji ya mwaka gani?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba alikuwa mtoto mvua za 1961 zilipoanza, na kwamba shamba la baba yake lilizama na halikurudi utotoni mwake wote. Waliosoma jiografia wanalijua jambo hilo kwa takwimu: kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda mita 2 na nusu hivi. Mzee alilijua kwa migomba ya mama yake.

Alitoa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wa kupimia usawa, akaujaza maji, akahakikisha hauna povu. Mjukuu wake alishika ncha moja kwenye fito iliyosimikwa pale maji yanapogusa nchi. Mzee alipanda na ncha nyingine. Maji ndani ya mpira yalicheza juu na chini, yakatulia, akachora mstari wa mkaa kwenye fito yake. Wakasogea, wakarudia, hadi wakafika mita 60. Kisha akajumlisha. Katika mita zote 60 ardhi yangu imeinuka mita 1 na nusu tu. Ina maana kwamba ziwa likipanda mita 1, maji yanatembea mita 40 kunijia. Akapiga kigingi cha mgunga kwenye mita 60, akasema hapo ni pa sheria. Akapanda mita nyingine 20, akapiga cha pili. Hapo, alisema, ndipo pa nyumba.

Nilinung'unika moyoni. Nilikuwa nimelipia mita 100, na sasa nabakiwa na 20 za kujengea. Lakini nilishachoka kushindana na watu wanaojua.

Mvua za mwisho wa mwaka 2019 hazikukatika. Ziwa hili lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, na takriban asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayonyesha juu yake lenyewe. Mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Mvua ikizidi, hakuna mlango wa pili. Kufikia Mei 2020 lilikuwa limepanda zaidi ya mita moja, likafikia kimo ambacho halikuwa limekiona tangu 1964. Kwangu maji yaliumeza ule mtaro wa msingi, yakaja mpaka kutoka kwenye kigingi cha sheria nilihesabu hatua zisizofika ishirini. Yaani mtu aliyepima mita 60 kwa uaminifu kabisa mwaka 2018, akajenga hapo hapo kwenye kigingi, alikuwa na ziwa mlangoni miaka miwili baadaye. Na Mei 2024 lilipanda tena, likapita hata kimo cha 2020.

Kwa majirani walioko chini zaidi, vyoo vilifurika. Hilo sitalipamba. Shimo la choo lililochimbwa karibu na maji, maji yakipanda, linakuwa sehemu ya ziwa, na ziwa hilo ndilo watoto wanaloogea na kina mama wanalochotea. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mwanza wameshughulika na kichocho kwa miaka mingi, na mzunguko wake unajulikana vizuri: uchafu wa mtu unafika majini, mayai yanaanguliwa, konokono wanabeba, ngozi ya mtoto inapokea. Watu wengi hung'oa matete wakiamini wanafukuza konokono. Konokono wanaweza kubaki, na kinachoondoka ni chujio lililokuwa likizuia tope. Karo ya choo inawekwa juu, mbali na maji, hata kama itabidi nyumba isogezwe kuipisha.

Sasa niwaeleze kiwanja kingine, maana sitaki barua hii iwe ya kilio. Mwaka 2022 binti wa dada yangu alinunua kipande cha pori hilohilo, viwanja vinne kutoka kwangu. Alimchukua mzee yuleyule. Hawakuleta mashine. Kwanza waliuliza wavuvi wazee maji ya 2020 yalifika wapi, wakaenda kutazama wenyewe: kwenye miamba kulikuwa na doa jeupe lililonyooka kama mstari wa rula, na kwenye vichaka vya miba chupa za plastiki na matete makavu yalikuwa bado yamenaswa kwa usawa uleule. Mstari huo ndio waliouita ukingo. Mita 60 zilihesabiwa kuanzia hapo.

Kisha walichimba mashimo mawili ya kujaribia, kina cha mtu, wakayaacha wiki moja wakati wa masika. La chini lilitoa maji siku ya pili. La juu lilikuwa kavu, ila kwenye kina cha goti lilikutwa tabaka gumu lisilopitisha maji, lile liitwalo itogolo, na kwa hiyo msingi ukateremshwa hadi chini yake na mtaro wa kupitisha maji ya mvua ukachimbwa upande wa juu wa nyumba. Lingekutwa lile tope jeusi la mbuga, linalopasuka kiangazi na kuvimba masika, mzee alikuwa ameshaonya kwamba nyumba ingehamia upande mwingine.

Mwezi wa Juni, mvua zilipokatika, binti alinunua vitambaa vya aina mbili. Vyeupe vilifungwa kwenye miti ya kubaki, vyekundu kwenye miti ya kuondoka. Alianza na vyekundu 31. Akachora nyumba chini kwa majivu, akatembea ndani yake, akasimama pale litakapokuwa dirisha la jikoni, akaona kwamba akiigeuza nyumba kidogo mkwaju unabaki na kivuli chake kinaangukia ukuta wa magharibi. Vyekundu vikapungua hadi 11. Sita kati ya hivyo vilikuwa mikaratusi aliyopanda mwenye shamba wa kwanza, ambayo hakuna aliyeilia. Walikata kwa shoka na msumeno wa mkono, kwa njia moja ya kuingilia, upana wa toroli. Udongo mweusi wa mahali pa nyumba ulikombwa kwa beleshi, ukarundikwa juu na kufunikwa na nyasi. Leo ndio wenye mchicha wake. Matawi hayakuchomwa. Yalilazwa kukingama mteremko, yakazuiliwa na mambo za miti mibichi, na mvua ya kwanza ilipokuja tope liliishia hapo. Vijana wanne, siku tisa. Jumla ya malipo yao ilikuwa pungufu ya nilicholipia katapila na mafuta yake kwa siku moja.

Msingi ulikuwa umeshafika usawa wa jamvi kabla ya vuli. Matete yake hayajaguswa. Kijana yule wa nyavu sasa anategea huko.

Lakini hadithi ya binti huyu ina sehemu inayonifanya niwaandikie ninyi na si jirani zangu. Katikati ya kazi ile, mwanamume mmoja alifika na karatasi, akidai ameuziwa eneo hilo kwa sababu "halina mtu, ni pori". Alikuwa amelilipia. Alilia. Kesi ilikwenda mtaani wiki tatu, na ushahidi uliomwokoa binti ulikuwa bikoni mbili za zege za mpaka alizokuwa amezitafuta kwa gharama zake mwenyewe. Angekuwa hana bikoni, miti yake ingetoa ushahidi dhidi yake. Kila aliyeona kesi ile alirudi nyumbani akachukua panga, akafyeka kiwanja chake. Niliwaona.

Ninachowaomba, basi, ni mje mwanzo. Siku kiwanja cha kando ya ziwa kinapopimwa au kuuzwa, na kabla mti mmoja haujaanguka, afike mtu wenu na kamba. Apige vigingi vya zege kwenye mstari wa mita 60, na mstari huo uanzie kwenye alama ya juu kabisa ambayo maji ya 2020 na 2024 yameacha, kwa sababu maji ya leo asubuhi yatasogea. Alama hizo bado zipo kwenye miamba na kwenye kumbukumbu za watu. Zichoreni kwenye ramani sasa, kabla wazee waliokuwapo mwaka 1962 hawajaondoka wote.

Najua mtaniambia hamna gari, hamna mafuta, ofisa mazingira ni mmoja kwa kata nzima au kadhaa. Ni kweli, na nawaonea huruma. Ila mzee wangu alifanya kazi hiyo kwa mpira wa maji, fito, mkaa na mjukuu. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye tayari anashuhudia kila mauziano, anaweza kufundishwa kwa siku moja. Iwe marufuku kwake kugonga muhuri kwenye mauziano ya kando ya maji kabla vigingi havijasimama. Gharama ya vigingi ilipwe na mnunuzi. Mimi ningelipa kwa furaha, nililipa zaidi ya hapo kuuondoa mkuyu.

La pili nalitaka kwa moyo wote. Mtamke wazi, kwa maandishi yanayobandikwa kwenye ofisi za kata, kwamba kiwanja chenye bikoni kimeendelezwa vya kutosha kumlinda mwenyewe, hata kama kina miti mpaka mpakani. Mwondoleeni mwananchi hofu ya pori lake mwenyewe. Na kwenye ramani za kuombea kibali cha ujenzi, ambazo sasa zinaonyesha choo, karo, geti na mahali pa kuegesha gari, miti iliyopo ionyeshwe pia, na ile inayokusudiwa kukatwa itiwe alama, ili anayeidhinisha nyumba ajue anaidhinisha na nini kingine. Sharti hilo liwe moja kwa mwenye hoteli na kwa mwenye banda la vyumba viwili. Tunaona bichi zilizojazwa vifusi mbele ya majengo makubwa, na watu wadogo hujifunza kutoka hapo kuliko kwenye semina.

Kuhusu waliokwisha kujenga ndani ya mita 60, sina jibu jepesi. Wengi wao walipimiwa na watu wa mitaa yao wenyewe na kupewa karatasi zenye muhuri. Nawasihi tu kwamba kabla ya kopo la rangi muwapelekee miche ya mikuyu na mizambarau, na muwape mwaka wa kuzirudisha kingo mbele ya nyumba zao, huku suala la nyumba likijadiliwa kwa utu.

Mimi mwenyewe nimeanza. Mita zangu 80 za chini nimeziachia. Korongo nimeliwekea vizuizi vya mawe ngazi kwa ngazi, na nyuma ya kila ngazi kuna mchanga uliotulia na nyasi. Matete yamerudi yenyewe upande mmoja. Kisiki cha mkuyu kimetoa machipukizi saba. Nimebakiza mawili yenye nguvu na kuyazungushia miba, mbuzi wa jirani wasiyafikie.

Mei, ziwa linapokuwa juu, ndio wakati mzuri wa kusoma ukingo, na Juni ndio wakati wa kupiga vigingi. Kata yoyote itakayotaka kujaribu, ianzie hapa kwangu. Kiwanja kinachopakana na changu kimeuzwa mwezi uliopita, bado kina miti yote, na mwenyewe ameshaulizia bei ya katapila. Nimemwomba asubiri hadi nipate jibu lenu. Mpira wa kupimia ninao, fito ninazo, na mzee ameahidi kuja.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, mkazi wa kando ya ziwa, Mwanza